UZI: Nilikuta sumaku kwenye mlango wa mashine. Kabla ya kumfukuza mfanyakazi, hesabu kwanza

FundiWete (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Uzi ni mrefu, mnistahamilie. Umenikaa kifuani tokea Shaabani. Naona visiwani kwetu viwanda vinaongezeka, mashine zinashuka bandarini, na kila anayenunua nikikutana naye ananiuliza mambo mawili tu: inatoa chupa ngapi kwa saa, na inahitaji watu wangapi. Bado sijampata aliyeniuliza yule mtu atakayekaa nayo saa nane atafanya nayo kazi vipi.

Mie ni fundi umeme wa viwandani, mzaliwa wa Wete, kazi nafanyia Unguja, mwaka wa 14 huu. Kiwanda sikitaji. Ni cha maji ya chupa, laini moja: prifomu, vile vijichupa vinene vya plastiki ambavyo bado havijapulizwa, zinaingia kwenye tanuri, zinapulizwa kuwa chupa, chupa zinapita kwenye mkanda hadi mashine ya kujaza, zinatiwa vifuniko, lebo, halafu zinavikwa nailoni.

Mashine ya kujaza imezungukwa na milango ya plastiki ngumu, unaona ndani. Kila mlango una kinga ya sumaku, kipande kimoja kwenye mlango na kimoja kwenye fremu. Vipande vikiachana, laini yote inasimama. Pale chupa zinapoingilia kuna gurudumu lenye meno, sisi tunaliita nyota, linaokota chupa moja moja kwa shingo. Mbele ya nyota hiyo chupa hulala. Ikilala moja, za nyuma zinarundikana.

Opereta wa pale ni dada mtu mzima, sote tunamwita Dada Mkubwa. Yupo tokea laini inawekwa, anaijua kwa mlio. Usiku mmoja, saa nane, alitia mkono kuitoa chupa iliyolala, nyota ikamkamata. Kidole cha kati, pingili ya juu, ikaenda.

Mlango ulikuwa wazi na mashine inazunguka. Kwenye fremu, juu ya kile kipande cha kinga, palikuwa na sumaku ndogo imefungwa kwa tepu nyeusi ya umeme. Mashine ikiambiwa mlango umefungwa, nayo ikaamini.

Asubuhi uongozi umeshaamua: kachezea kinga, barua ya kumwachisha kazi inaandikwa. Mie nikaambiwa niandike ripoti ya ufundi. Nikenda kuibandua ile sumaku. Nilipoishika tu nikaijua. Ilikuwa yangu. Niliitumia siku tunaijaribu laini, nikaiacha juu ya paneli, nikasahau. Wallahi nilirudi karakana nikakaa kitako, mtu akinisemesha simsikii.

Ripoti sikuiandika siku ile. Niliomba siku mbili. Nikachukua daftari na saa, nikasimama ubavuni mwa opereta mwengine zamu mbili nzima, milango imefungwa yote kama inavyotakiwa. Zamu ya kwanza chupa zililala mara 41. Kila ikilala, opereta anafungua mlango, kila kitu kinasimama pamoja na tanuri. Anatoa chupa, anafunga. Anazunguka hatua 11 hadi upande wa pili kwenye paneli, anabonyeza kitufe cha kuanzisha upya. Nyota inajitafutia mahali pake pa kuanzia. Tanuri inapanda joto tena, na prifomu zilizokuwemo zimeshaharibika, zinatupwa. Dakika 6 kila mara, zikipungua au kuzidi ni kidogo. Mara 41 kwa dakika 6 ni dakika 246. Saa nne na dakika sita zimepotea kwenye zamu ya saa nane.

Na ubao wa malengo ukutani unadai chupa za saa nane kamili. Asiyezifikisha anakatwa posho.

Sasa muwekeni Dada Mkubwa mbele ya ubao ule. Akifuata kinga, zamu inakufa na posho inakatwa. Akitia sumaku, chupa zinatimia na anasifiwa. Miezi yote ile alisifiwa. Hakuna msimamizi aliyejiuliza vipi zamu yake inatimiza lengo wakati mlango unatakiwa kufunguliwa mara arubaini. Na mie nilikuwa napita mbele ya mlango ule kila siku ya Mungu.

Nikauliza kwa nini chupa zinalala. Nikaambiwa mwaka uliopita walibadilisha prifomu, wakachukua nyepesi ili kuokoa plastiki. Chupa ikawa laini kiunoni, ukiibana inabonyea. Reli za pembeni za mkanda zikabaki pale pale pa chupa ya zamani. Kati ya chupa na reli nilipitisha kidole changu bila ya kugusa popote. Uamuzi ulifanywa ofisini, akaulipa yeye kwa kidole.

Tuliyoyafanya baadae hayakuwa makubwa. Reli tulizisogeza kwa nusu siku, na zamu iliyofuata chupa zililala mara 5. Kitufe cha kuanzisha upya nikakihamishia pale pale mlango wa kuingilia, mahali ambapo anayekibonyeza anaona kama kuna mkono ndani. Programu tukaibadilisha: ukifungua mlango ule, nyota na mkanda wake vinasimama, tanuri inabaki na joto lake. Nikaongeza kitufe cha kusogeza polepole, ukikishika nyota inajongea, ukikiachia inasimama hapo hapo, na hakifanyi kazi mlango ukiwa wazi. Fedha yote haikufika bei ya sensa (kifaa cha kuhisi) moja ya kuagizia nje.

Nimeandika kwa ajili ya jambo moja. Ukikuta kinga imezimwa, usianze kumtafuta aliyeizima. Tafuta kwanza ni mara ngapi kwa zamu kinga ile inamsimamisha mtu, na kila mara inamla dakika ngapi. Nataka kusikia na kwenu yakoje.

Kijana_Amani

Pole nyingi kwa dada yetu. Ulisema kwenye ripoti kuwa sumaku ni yako au ulinyamaza? Na yeye walimwachisha?

FundiWete

Nilisema, aya ya kwanza kabisa. Nilipewa onyo la maandishi na nililistahili. Barua yake ilisitishwa, alitibiwa kwa gharama ya kiwanda, baada ya wiki saba akarudi. Kwenye nyota hakutaka tena. Sasa ndiye anayewafundisha wapya.

MwenyeMali

Nitasema lisilopendeza. Nina kiwanda kidogo cha kufungasha, najua machungu ya mshahara na mkopo. Mashine imekuja na kitabu, imekuja na kinga, imepimwa kwao. Mfanyakazi kafunga sumaku kwa tepu, kajiumiza. Tukianza kumtafutia sababu kila anayevunja taratibu, kesho kila mtu atakuwa na yake. Mie ninavyoona udhaifu uko kwa mtu. Ndiyo maana nipo mbioni kununua laini ambayo haimtaki mtu kabisa, mmoja tu wa kuangalia skrini. Hapo hakuna kidole cha kukatika.

Maalim_Ufundi

Ndugu yangu MwenyeMali, nasomesha ufundi na hoja yako naipokea kwa heshima, ila nikupe kisa cha kweli. Tarehe 25 Januari 1979, Flat Rock, Michigan, Marekani, kwenye kiwanda cha kusubu vyuma cha Ford, kijana wa miaka 25 aitwae Robert Williams aliuawa na roboti. Ndiye mtu wa mwanzo anayejulikana kuuawa na roboti. Kazi ya roboti ile ilikuwa kuchukua vyuma rafuni. Siku ile haikuwa ikienda sawa, vyuma havifiki, kazi inasubiri. Yeye akapanda rafuni kuchukua kwa mkono. Mkono wa roboti ukaja kimya nyuma yake, hakuna kengele wala taa ya kumwambia kuwa unakuja. Mwaka 1983 baraza la mahakama liliipa familia yake dola milioni 10.

Angalia alichokifanya Williams. Mtambo umekwama, kazi inasubiri, mtu akaingia mwenyewe kuisukuma kazi mbele. Dada Mkubwa kafanya hilo hilo. Wote wawili walikuwa wakijaza pengo ambalo mtambo uliliacha. Mtengenezaji akilijua pengo lile anaweka njia salama ya kulijaza. Asipolijua, mtu atalijaza kwa mwili wake.

Na hiyo laini ya mtu mmoja wa kuangalia skrini: mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Uingereza, Lisanne Bainbridge, alilieleza vizuri sana jambo hili. Mhandisi huziondoa kazi nyepesi akazipa mashine, na zile asizojua namna ya kuzigeuza programu anamwachia mtu. Mtu anabakia na kazi mbili, kukaa akitazama na kuokoa mambo yakiharibika. Kutazama hatukuumbiwa. Norman Mackworth alilipima hili miaka ya Vita Kuu ya Pili, kwa sababu ya wale waliokuwa wakitazama rada: aliwakalisha watu mbele ya mshale wa saa unaoruka hatua moja moja, wabonyeze pale unaporuka mara mbili. Baada ya nusu saa tu walianza kuikosa miruko mingi zaidi. Nusu saa, na walikuwa vijana wa jeshi! Wewe utamweka mtu saa nane.

Na kuokoa, ataokoa vipi asiyeigusa kazi mwaka mzima? Dada Mkubwa anaisikia mashine kwa mlio kwa sababu mikono yake imo ndani ya kazi. Mtoe, mkalishe ofisini kwenye kiyoyozi, baada ya miaka miwili mlio ule haujui tena. Siku laini imegoma, unamsubiri fundi wa mtengenezaji apande ndege.

UmemeChake

Hili la kusubiri msilipite haraka. Sisi ni watu wa visiwa. Nani hapa Unguja amesahau Disemba 2009 hadi Machi 2010? Miezi mitatu bila ya umeme wa gridi, waya wa baharini umeharibika. Sie Pemba wakati ule tulikuwa bado na majenereta ya Wesha, waya wetu wa kutoka Tanga tumeungwa 2010. Mtambo wa visiwani lazima uchorwe ukijua kuwa umeme utakatika na utarudi bila ya kubisha hodi.

Nitaeleza niliyoyaona kwa macho. Mashine ya kusaga, kijijini. Umeme umekatika mchana, swichi imeachwa pale pale ilipo, na nani anakumbuka swichi gizani? Kijana akachukua ufagio wa chelewa akaanza kusafisha unga chini ya mkanda wa mota. Umeme ukarudi. Ufagio uliondoka mkononi mwake ukazunguka na puli, chelewa zikaruka mpaka kwenye bati. Mkono ulisalimika kwa upana wa kiganja.

Dawa yake iko siku nyingi na ni rahisi. Mota isiwashwe kwa swichi ya kuzungusha peke yake. Pitisha kwenye kontakta (swichi inayovutwa na koili, waya uliozungushwa unaokuwa sumaku umeme ukipita) yenye vitufe viwili. Ukibonyeza cha kijani koili inavuta, na kontakta inajishikilia yenyewe kupitia kiguso chake cha pembeni. Umeme ukikatika koili inaachia, na ukirudi hakuna kinachoishika, mashine inakaa kimya mpaka mtu aje abonyeze. Hapo mwenye ufagio anaweza kumaliza kazi yake. Nimeshafunga nyingi, na bado nakuta mashine mpya zinaungwa kwa swichi tupu kwa sababu mnunuzi kataka kuokoa bei ya kontakta.

FundiWete

UmemeChake umenigusa. Na kitufe chekundu cha dharura vile vile: ukikivuta kukirudisha, mashine isiondoke. Kukirudisha kunatoa ruhusa tu, kuwasha kubaki kwa kitufe chake. Viwango vya kimataifa vinasema hivyo, lakini nimekuta paneli zilizoungwa vyengine.

BiMsuka

Nami nichangie ya karafuu, kwani nyote mnaongea ya Unguja. Karafuu mbichi huzichambua usiku, tukatenga makonyo, asubuhi tukazitandaza majamvini. Jua likiwa zuri siku nne au tano zimekauka. Ukitaka kujua, unaishika moja, mkia huku na kichwa huku, unaikunja. Ikipinda bado. Ikivunjika kwa mlio, imeiva. Na mwenye uzoefu hata haivunji, anatia kiganja jamvini anazipekua, anasikiliza. Zilizokauka zinalia kama changarawe.

Msimu mmoja mvua zilizidi, tukaletewa mashine ya kukaushia, sisi kikundi cha akinamama. Kitu kizuri, maana karafuu ikinyeshewa ikakaa inavunda, inakuwa mpeta na bei inaporomoka. Sasa ile mashine unaipa saa, ikifika inazima, skrini inaandika kwa lugha ya kwao kuwa tayari. Lakini karafuu za asubuhi ya mvua si sawa na za jioni ya jua. Tunatoa, tunakunja, zinapinda. Tukitaka kuongeza kidogo hakuna pa kuongezea, lazima uanze upya tangu mwanzo, na ukianza upya zinaungua, mafuta yanatoka, karafuu inakuwa nyepesi haina harufu. Basi tukawa tunafungua mlango katikati, tunatia mkono kwenye moto tunachopoa kiganja kizima, tunakunja. Mikono yetu ilikuwa na malengelenge msimu ule wote.

Aliyetuokoa ni kijana mmoja fundi, mtoto wa huku huku. Alikuja akakaa nasi siku tatu. Hakugusa kitu, alikuwa akitazama tu na kuuliza, "Bibi, hapo umesikia nini?" Siku ya nne akatoboa ubavuni akaweka kijidroo kidogo, unakivuta unatoa karafuu chache bila ya kufungua mlango. Akaweka na kitufe cha kuongeza nusu saa. Na juu ya kila kitufe akabandika Kiswahili. Sasa kuikunja ni kazi yetu, joto ni kazi ya mashine, na mikono yetu imepona.

Maalim_Ufundi

Bi Msuka, Allah akubariki. Hichi alichokifanya huyo kijana ndicho ninachokitafutia mfano kila mwaka darasani. Nitakuja na wanafunzi wakione hicho kijidroo, kwa idhini yenu.

Nikumbushe jambo la Japani. Sakichi Toyoda alitengeneza mashine ya kufuma inayosimama yenyewe uzi ukikatika. Ile maarufu ni ya 1924. Kabla ya hapo mtu alisimama mbele ya mashine siku nzima kuchunga nyuzi. Kutokana na mashine zile viwanda vya Toyota vikapata neno lao, jidoka. Kwa kawaida neno la mtambo wa kujiendesha huandikwa kwa alama ya mwendo. Wao katika alama hiyo wakaongeza kipande chenye maana ya mtu. Na kwenye laini zao za magari pana kamba juu ya kichwa cha mfanyakazi. Akiona kasoro anaivuta, kiongozi wake anamjia, na wakishindwa kulimaliza pale pale laini inasimama. Dada Mkubwa kapewa kamba gani ya kuvuta? Yeye alikuwa na ubao wa malengo tu.

MamaWaZamu

Nami nimo kiwandani mwaka wa sita, nafungasha. Wanaume mmesahau nguo.

Bango la usalama ukutani kwetu lina picha ya mwanamme kavaa ovaroli na kofia, na chini imeandikwa nguo zinazoning'inia marufuku. Sisi tulio kwenye laini wengi ni wanawake, tumevaa mitandio. Msimamizi mpya akaja akasema wenye mitandio waivue au wakae mbali na mkanda. Kuvua ndiyo kuacha kazi, hilo halina mjadala. Shoga yangu alishawahi kuvutwa ncha ya mtandio na shafti inayozunguka mwisho wa mkanda. Alishikilia meza, mtandio ukachanika, Mungu mkubwa. Pale shafti ilikuwa na kava ya mbele tu, chini wazi. Aliyeichora alifikiria mkono wa mtu, kitambaa hakukifikiria.

Tulikwenda ofisini watu saba na tulikuwa na maneno mawili. Shafti ifunikwe pande zote mpaka kitambaa kisipite, na sisi tutashona ushungi wa kubana unaoingia ndani ya koti. Fundi cherahani wa mtaani alitushonea. Kava ilichukua wiki mbili. Hakuna aliyevua kitu.

Jengine ni kimo. Meza imekuja kwa watu warefu. Tunasimama juu ya makreti ya soda, kreti likiteleza unajishika kwenye mkanda. Na Ramadhani! Saa ya mwisho kabla ya futari mikono imekuwa mizito, mkanda uko kasi ile ile ya saa mbili asubuhi. Kitufe cha kasi kipo, ila kimefungwa kwa namba ya siri aliyonayo meneja, na meneja wakati huo yuko njiani anakwenda kufuturu nyumbani. Tupeni sisi ruhusa ya kupunguza, hata kidogo tu. Vinavyomwagika na kurudiwa ni vingi kuliko mnavyookoa.

Barafu_Malindi

Hapa niseme ya king'ora. Nimefanya zamu za usiku kwenye mtambo wa barafu unaopozwa kwa amonia, gesi ya sumu, kitu cha kuogopwa. Skrini ilikuwa inalia usiku kucha. Mlango wa stoo uko wazi, inalia. Maji ya kupoza yamepanda digrii moja, inalia. Wakati wa kupokeza zamu hatuambiani tena, tunaambiana tu "inalia kama kawaida". Mwenzangu mmoja alikuwa anaizibia spika kwa kitambaa ili asome dua zake.

Nikasoma ya kiwanda cha kusafishia mafuta cha Milford Haven, Wales. Tarehe 24 Julai 1994 kiliripuka. Katika dakika 11 za mwisho kabla ya mripuko waendeshaji wawili walikuwa na alamu 275 za kuzitambua na kuzishughulikia. Ni zaidi ya moja kila sekunde tatu. Wahandisi wa Uingereza baadae walitoa mwongozo, EEMUA 191, chapa ya kwanza 1999, unaotaka mtambo ukiwa katika hali ya kawaida alamu zisizidi moja kila dakika 10. Mie nilihesabu za kwetu usiku mmoja nikaishia saa tano, sikuendelea.

Na taa inayodanganya je? Three Mile Island, Pennsylvania, 28 Machi 1979, mtambo wa nyuklia. Vali ya kupunguza presha ilibaki wazi. Taa kwenye paneli ikazimika, wakaelewa vali imefungwa. Kumbe taa ile ilionesha kuwa amri ya kufunga imekwenda, haikuonesha kuwa vali imetii. Maji ya kupoza yakavuja zaidi ya saa mbili na watu wanaitazama taa. Nilipolisoma nilikwenda kuangalia taa zetu za vali za amonia. Zote zilikuwa za namna ile, za amri. Tulizifungia swichi ndogo kwenye shina la vali lenyewe, ili taa iwake kwa kuguswa na chuma. Moja tuligundua siku hiyo hiyo kuwa haifungi mpaka mwisho.

Kijana_Amani

Sheria inatusaidia wapi katika haya?

Maalim_Ufundi

Zanzibar tunayo yetu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini, namba 8 ya mwaka 2005. Bara wana yao ya 2003. Isome, uichukue unapokwenda ofisini. Lakini kava ya shafti ya MamaWaZamu ilipatikana kwa sababu watu saba walikwenda pamoja na walijua wanachokitaka.

MwenyeMali

Nimesoma uzi wote, na nimeurudia usiku. Nilichoandika mwanzo sikifuti, kila mtu akione. Leo asubuhi nilikwenda kwenye laini yangu nikafungua milango mwenyewe. Sikukuta sumaku. Nilikuta kipande cha kadibodi kimekunjwa mara nne, kimechomekwa mbele ya sensa ya mlango, kimeshaingia weusi wa mikono. Kipo pale siku nyingi.

Sijamuuliza mtu nani kakiweka. Nimesimama na saa kama alivyosema FundiWete. Sensa ile inasimamisha mashine hata mlango ukiwa umefungwa, kwa mtikisiko tu. Mara 17 kabla ya adhuhuri.

Swali langu sasa, FundiWete. Ile laini mpya sijaisaini. Muuzaji ananipa siku ya kuijaribu kwao kabla ya kuipakia melini. Niangalie nini?

FundiWete

Kaka, nimefurahi kwa dhati. Na ile sensa ikaze kwanza kwenye fremu, mara nyingi ni skrubu mbili.

Kuhusu jaribio: usikubali waitie chupa zao. Peleka zako, ile nyepesi hasa unayokusudia kuitumia, na vifuniko vyako. Wakikuonesha inavyokwenda vizuri, ashukuriwe Mungu, kisha waambie wailaze chupa makusudi mara 20. Wewe shika saa. Hesabu tokea inaposimama mpaka inapotoa chupa nzima ya kwanza, na angalia aliyeitoa katembea hatua ngapi na mkono wake umepita wapi. Namba hiyo ndiyo itakayokwambia kama kadibodi itarudi.

Halafu waambie wakate umeme mashine ikiwa kazini, wangoje dakika kumi, wawashe. Isiondoke yenyewe. Waulize kila mlango unasimamisha nini, maana ukisimamisha kila kitu utalipa kila mara. Skrini iwe kwa Kiswahili, na maneno yatafsiriwe na opereta wako, usimwachie muuzaji, atakuletea Kiswahili ambacho hakisemwi popote. Omba orodha ya alamu zote, kaa nayo na watu wako, kila alamu iwe na jibu la "ikilia nifanye nini". Isiyo na jibu iondoke. Na programu ya mashine uikabidhiwe wewe pamoja na namba zake za siri, iandikwe kwenye mkataba, ili siku fundi wa hapa akitaka kuhamisha kitufe asiambiwe hawezi.

Lakini kubwa kuliko yote, usiende peke yako. Nenda na anayefanya kazi usiku. Ukishindwa nauli, aione kwa video huku wewe umeishika simu mahali ambapo yeye angesimama.

MwenyeMali

Nimemwita dada wa zamu ya usiku, tumekaa naye leo baada ya alasiri, mezani tumetandaza ramani ya hiyo laini. Mwanzo hakutaka kusema, alidhani nimemwita kwa ajili ya ile kadibodi. Nikamwambia sitaki kujua ya kadibodi, nataka anioneshe angesimama wapi.

Aliitazama ramani muda mrefu, akaweka kidole pale chupa zinapoingilia. Kisha akaniuliza kitufe cha kuanzisha upya kiko upande gani. Tulikitafuta sote wawili karatasi zote nne hatukukiona. Nimemwandikia muuzaji sasa hivi.